Mizani ya Amosi katika Masomo ya Dominika

Mama Kanisa hakutuachia hiari ya kuchagua masomo ya Misa ya Dominika. Hakumwachia padre, hakumwachia katekista anayeongoza ibada kigangoni siku ambayo padre hayupo, wala hakuiachia Halmashauri ya Walei. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, uliagiza kwamba hazina ya Maandiko ifunguliwe kwa wingi zaidi mbele ya waamini. Kutokana na agizo hilo, utaratibu mpya wa masomo ulianza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio ya mwaka 1969, nao huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A tunaongozwa na Mwinjili Mathayo, Mwaka B na Marko, Mwaka C na Luka, naye Yohane anapewa nafasi yake hasa katika Kwaresima na Pasaka. Kabla ya hapo masomo yalikuwa ya mwaka mmoja tu, yakirudiwa yale yale, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra sana siku ya Dominika.

Faida ya utaratibu huu huelezwa mara nyingi kwa hesabu, yaani kwamba sisi tunasikia sehemu kubwa zaidi ya Biblia kuliko walivyosikia babu zetu waliobatizwa na wamisionari. Ni kweli. Lakini kwa maoni yangu faida iliyo kubwa zaidi ni hiyo niliyoanza nayo, kwamba tumenyang'anywa uchaguzi. Padre anayemwogopa tajiri wa parokia hawezi kulifuta somo linalomgusa tajiri huyo. Vile vile padre mwenye hasira hawezi kuwasomea waamini wake maneno makali ya manabii kila Dominika mpaka hasira yake iishe. Mkulima, mnunuzi wa mazao, diwani, mwalimu na mama lishe huketi katika mabenchi yale yale, na Neno lile lile linawajia wote bila kuulizwa kama wanalipenda.

Hata hivyo binadamu ni mwerevu, na mlango uliofungwa na Kanisa tumeufungua kwa upande mwingine. Kwa kuwa hatuwezi kuchagua somo litakalosomwa, tunachagua somo litakalohubiriwa. Na mara nyingi linaloachwa ni somo la kwanza.

Nitatoa mfano mmoja, ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Nabii Amosi husomwa Dominika tatu tu katika miaka yote mitatu. Husomwa Dominika ya 15 ya Mwaka B, kisha Dominika ya 25 na ya 26 za Mwaka C. Basi. Asiyemsikia Dominika hizo hatamsikia tena mpaka mzunguko urudi, isipokuwa kama ni mtu wa Misa za kila siku. Mwaka C uliopita ulimalizika Novemba 2025. Somo lake juu ya mizani litarudi siku ya Dominika tarehe 24 Septemba 2028. Mtoto aliyezaliwa juma lile liliposomwa mara ya mwisho, Septemba 2025, atakuwa ametimiza miaka mitatu.

Sasa angalieni yanayotokea siku hiyo katika makanisa yetu. Msomaji anapanda mimbarini na kusoma Amosi 8:4-7, aya nne tu, ambazo humalizika kabla waliochelewa hawajapata mahali pa kukaa. Waamini wanamshukuru Mungu kwa sauti, kwaya inaanza Zaburi. Halafu inasomwa Injili ya wakili dhalimu, Luka 16:1-13, ambayo ni ngumu, na homilia nzima hutumika kueleza imekuwaje bwana akamsifu mtumishi mdanganyifu. Waamini wanarudi nyumbani wakiwa wamefahamu kidogo habari za wakili na hawajafahamu lolote habari za mizani. Nao wanarudi kwa njia ile ile inayopita penye magari ya kupakia mazao.

Amosi alikuwa nani na alisema nini

Amosi hakuwa nabii kwa kazi yake. Alikuwa mfugaji kutoka Tekoa, kijiji kilicho kusini mwa Bethlehemu, tena mtunzaji wa mikuyu. Alitumwa na Mungu kwenda ufalme wa kaskazini, Israeli, katika karne ya nane kabla ya Kristo, enzi za Mfalme Yeroboamu wa Pili. Zilikuwa enzi za neema. Mipaka ilikuwa imetulia, biashara ilikuwa imestawi, na wakubwa wa Samaria walilala juu ya vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu, kama tunavyosikia Dominika ya 26. Hilo si neno la kutia chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua katika magofu ya Samaria mamia ya vipande vya pembe zilizochongwa kwa ustadi.

Katika somo la Dominika ya 25 nabii anawaelekea wafanyabiashara wa nafaka. Anasema wanamkanyaga fukara. Anasema wanaiona sikukuu ya mwezi mpya na siku ya Sabato kuwa ndefu mno, kwa sababu siku hizo ghala limefungwa na hawawezi kuuza. Kisha anataja hila zao moja baada ya nyingine: efa waliipunguza, shekeli waliiongeza, na mizani yenyewe waliipotosha. Kwa wasomaji wetu nieleze kidogo. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, kama pishi au debe kwetu. Shekeli siku hizo haikuwa sarafu, ilikuwa jiwe la kupimia fedha; mawe ya namna hiyo yamepatikana huko Yuda, na uzito wa shekeli moja ni kama gramu 11. Basi maskini alipofika kununua, alipimiwa nafaka kwa efa iliyopunguzwa, na fedha yake ikapimwa kwa jiwe lililoongezwa uzito. Aliibiwa mara mbili katika mauzo mamoja. Na bado ndani ya nafaka ile walichanganya makapi.

Ninaomba tusipite haraka kwenye lile neno la Sabato. Watu hawa wanasali. Amosi hawasemi wapagani. Anawasema watu wanaoshika siku za ibada, wanaofunga maduka yao kama sheria inavyotaka, na wanaokuja hekaluni na sadaka. Dhambi yao haikuwazuia kusali, wala sala yao haikuizuia dhambi yao. Miili yao iko kwenye ibada, mioyo yao iko ghalani inasubiri jua lizame.

Gunia letu

Huko Samaria mfanyabiashara alimwuzia maskini, kwa hiyo alikipunguza kipimo. Kwetu sisi vijijini mfanyabiashara ananunua kwa maskini, kwa hiyo anakiongeza. Tofauti ni hiyo tu. Hakuna msomaji wa kijitabu hiki katika nyanda zetu za juu za kusini anayehitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, likashindiliwa, kisha likaongezewa kipande cha gunia jingine kilichoshonewa kwa kamba, mpaka likawa na kilemba juu ya kichwa. Kwa mahindi hufanyika hivyo, kwa viazi na vitunguu hufanyika zaidi. Bei hutajwa kwa gunia moja. Kilemba hakina bei.

Tuchukulie mkulima ana magunia ya kilo mia mia, naye anauza kwa lumbesa yenye kilo 130. Akisema ameuza magunia kumi, ametoa kilo 1,300. Analipwa kumi, ametoa kumi na tatu. Magunia matatu yameondoka kwake bila hata neno la asante. Katika nyumba nyingi za vigango vyetu magunia matatu ya mahindi ni chakula cha miezi kadhaa. Ndiyo hayo yanayokosekana mwezi wa pili, wakati mahindi mapya bado ni maua, na mama wa nyumba hiyo anakwenda kununua mahindi sokoni, pengine kwa yule yule aliyeyachukua.

Tena huko sokoni kipimo kimekwisha kubadilika. Mahindi yaliyotoka shambani kwa gunia lenye kilemba huuzwa mjini kwa kopo lililobonyezwa kitako. Nafaka ile ile imepita katika vipimo viwili, kimoja kimetanuliwa dhidi ya anayelima na kingine kimefinywa dhidi ya anayekula, na wote wawili ni maskini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kibaba cha nani. Huko Mtwara na Lindi, kangomba, yaani bakuli la kupimia korosho mahali pa mizani, limekuwa jina la biashara nzima. Kipimo cha dhuluma kikizoeleka hupewa jina, na kikishapewa jina watu hukiona kuwa ni desturi.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, haikubali mazao yafungashwe katika gunia linalozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 una mamlaka ya kukagua mizani na kuwafikisha wakosaji mahakamani. Viongozi wa serikali wamekemea lumbesa mara nyingi. Mbona basi haiishi?

Haiishi kwa sababu ina mizizi ambayo karipio haliifikii. Nauli ya lori mara nyingi hutozwa kwa idadi ya magunia. Vibarua wa kupakia hulipwa kwa gunia. Hata ushuru, mahali pengi, hukusanywa kwa kuhesabu magunia kizuizini. Hivyo kila kilo inayoongezwa ndani ya gunia lile lile husafiri bure na hupita kizuizini bure, na mnunuzi anayeamua kufungasha kwa haki hujikuta ana gharama kubwa kuliko mwenzake asiyejali. Nalisema hili kwa makusudi, maana wapo wanunuzi wa mazao katika parokia zetu ambao ni waamini wema, na si haki kuwahubiria kana kwamba wao ndio waliobuni uovu huu. Wameukuta. Lakini kuukuta si sawa na kuuhalalisha. Upande wa mkulima nako kuna mizizi. Mwezi wa tisa ada ya shule inadaiwa, mbolea ya msimu mpya inatakiwa, na mnunuzi yuko mmoja tu aliyeleta gari mpaka kijijini. Mkulima akikataa lumbesa, gari linaondoka. Anayesema kwamba mkulima alikubali kwa hiari yake mwenyewe haijui njaa.

Tena Amosi hamwachi mkulima pia. Yale makapi ya aya ya 6 yanatuhusu sote. Yuko anayelowesha mahindi ili yaongeze uzito, yuko anayetia mchanga ndani ya maharage, yuko anayeweka viazi vikubwa juu na vile vya kulishia nguruwe chini. Nimewahi kumsikia mzee mmoja katika jumuiya akijitetea: "Baba, wao wanatuibia kwa gunia, nasi tunajifidia kwa mawe." Mama mwenye duka dogo aliyekuwa ameketi karibu naye akamjibu bila kuinua macho: "Mzee, mawe hayo huyala mwanangu, hayali yeye mwenye lori." Sikuongeza neno, kwa kuwa homilia ilikuwa imekwisha kutolewa.

Kwa nini Injili ya siku hiyo ni ile

Nimesema kwamba Injili ya wakili dhalimu hummeza Amosi. Lakini waliopanga masomo hawakuyaweka pamoja kwa bahati. Katika vipindi vya kawaida vya mwaka somo la kwanza huchaguliwa ili lioane na Injili. Tazameni basi wakili yule alifanya nini. Aliwaita wadeni wa bwana wake. Aliyedaiwa vipimo mia vya mafuta akaandikiwa hamsini, aliyedaiwa vipimo mia vya ngano akaandikiwa themanini. Ni habari za vipimo tena! Wako wafafanuzi wa Maandiko wanaoona kwamba kile alichokifuta wakili ni faida yake mwenyewe, aliyoiongeza juu ya deni la watu. Iwe hivyo au isiwe hivyo, jambo moja liko wazi: kwa Amosi kalamu na mizani vinaelemea upande wa mkubwa, na katika Injili, kwa mara moja, kalamu inaelemea upande wa mdeni. Na mtu aliyefanya hivyo, hata kama alikuwa mjanja aliyetafuta pa kujisitiri, ndiye aliyesifiwa kwa busara. Homilia inayoanza na Amosi haitapata shida na wakili. Inayoanza na wakili peke yake itahangaika mpaka wakati wa Nasadiki.

Iko pia kalenda. Dominika ya 25 huangukia kati ya tarehe 18 na 24 Septemba. Waliopanga utaratibu huo huko Roma hawakuwa na habari za kilimo chetu, lakini majuma hayo ndiyo mahindi yamekauka na kupukuchuliwa, malori yako vijijini, na bei inapangwa. Majirani wengine wa Kanisa hili ulimwenguni humsikia Amosi wakati mashamba yao yana hali nyingine kabisa. Sisi humsikia gunia likiwa mlangoni.

Amazia na mahali patakatifu

Nitaambiwa, na nimekwisha kuambiwa, kwamba padre ahubiri Injili na biashara awaachie wafanyabiashara. Jibu liko katika ile Dominika ya 15 ya Mwaka B, Amosi 7:12-15. Huko Betheli palikuwa na kuhani, jina lake Amazia. Naye hakumwambia Amosi kwamba amesema uongo. Alimwambia aondoke, aende akapate mkate wake huko Yuda, kwa sababu Betheli palikuwa mahali patakatifu pa mfalme. Hoja yake haikuwa juu ya ukweli, ilikuwa juu ya mwenye nyumba. Somo hilo linatuhusu sisi mapadre kwanza, na baada yetu wahasibu na wenyeviti wa kamati za ujenzi. Tunajua ni nani aliyetoa mabati. Tunajua ni nani atakayekuwa mgeni rasmi kwenye harambee ya mnara wa kengele. Ndiyo maana Dominika ya Amosi tunajisikia salama zaidi kumhubiri wakili wa Injili, ambaye haishi katika parokia yetu.

Siku ya shukrani ya mavuno huletwa altareni magunia, nasi huyapokea kwa nyimbo na vigelegele. Ni desturi nzuri, wala sitaki iachwe. Lakini gunia la mkulima anayetoa kilo ishirini katika zile zilizombakia, na gunia linalotolewa na mtu kutoka katika vilemba vya watu mia, hayana sauti moja mbele ya Mungu, ingawa mhasibu huyaandika katika mstari mmoja. Aya ya mwisho ya somo la Amosi inasema Mungu ameapa kwamba hatasahau kamwe hata tendo moja kati ya matendo yao. Mkulima atasahau, maana mwaka kesho ana shida mpya. Mnunuzi atasahau, maana magunia ni mengi. Daftari liko kwa mwingine.

Na hapa Kanisa halina budi kujipima. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, ilipotafakari juu ya haki ulimwenguni, ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililirudia fundisho hilo kwa ajili yetu. Shule zetu za bweni hununua mahindi na maharage. Hospitali zetu hununua. Nyumba za malezi hununua. Je, mnunuzi wa taasisi ya Kanisa anapofika kijijini, anabeba mizani au anabeba kamba ya kushonea? Na yule mlinzi wa parokia, na dada anayepika jikoni, na katekista anayetembea vigango vitano, wanalipwa lini? Dominika ya 26 ya Mwaka B, Mtume Yakobo (5:1-6) anasema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Siku hiyo nako huhubiriwa Injili ya kung'oa jicho, kwa kuwa inasisimua zaidi.

Masomo mengine nitayataja kwa kifupi. Dominika ya 30 ya Mwaka A tunasoma Kutoka 22:20-26, juu ya mgeni, mjane, yatima na mkopo kwa maskini, na juu ya vazi lililowekwa rehani ambalo lazima lirudishwe kabla jua halijazama. Somo hilo lingesomwa katika jumuiya pamoja na habari za wale wanaokopeshwa fedha mwezi wa kwanza ili walipe kwa magunia mwezi wa saba, kwa bei ya mkopeshaji. Wakulima wa kahawa wa Mbinga wana jina lao kwa mkopo wa namna hiyo, magoma. Dominika ya tatu ya Majilio, Mwaka C, watoza ushuru wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anawaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Hawaambii waache kazi.

Yako pia mambo ambayo utaratibu wa Dominika umeyaacha, na si kosa kuyasema. Shamba la mizabibu la Nabothi, aliyeuawa kwa hila ili mfalme alipate, halisomwi Dominika hata moja. Husomwa siku za juma, Jumatatu na Jumanne ya juma la 11, katika mwaka wa pili. Katika nchi yenye migogoro ya ardhi kama yetu naliona hilo kuwa pengo. Dominika ya 11 ya Mwaka C nabii Nathani anamkemea Daudi, lakini somo linaanzia aya ya 7, baada ya ule mfano wa maskini na mwanakondoo wake mmoja. Jumuiya zinaweza kuanza aya ya 1. Hakuna anayezikataza.

Halafu kuna Zakayo. Kwa utaratibu, majuma sita baada ya Amosi, Dominika ya 31 ya Mwaka C, Luka anatuletea mtu aliyetajirika kwa kutoza kupita kiasi, naye anaahidi kurudisha mara nne, kama Sheria ya Musa ilivyodai kondoo wanne kwa kondoo mmoja aliyeibwa. Hapo ndipo mnunuzi wa mazao anaonyeshwa kwamba kuna njia ya kurudi. Lakini mwaka 2025 Dominika hiyo iliangukia tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, na Zakayo hakusomwa. Waliomsikia Amosi mwezi wa Septemba hawakumsikia Zakayo mwezi wa Novemba. Karipio lilisomwa, dawa haikusomwa. Mwaka 2028 Dominika ya 31 itakuwa tarehe 5 Novemba.

Wakati tulio nao kabla ya siku hiyo unatosha kwa maandalizi. Kwanza, ninawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mrudishe desturi ya kusoma masomo ya Dominika inayokuja katika mkutano wa katikati ya juma, mkianza na somo la kwanza, na swali la kwanza liwe: jambo hili kwetu linaitwaje? Si lazima padre awepo. Akina mama wa WAWATA wanajua bei za sokoni kuliko sisi mapadre, na vijana wa VIWAWA ndio wanaopakia malori. Mkishapata jina la jambo, leteni neno lenu kwa mhubiri kabla ya Jumamosi jioni. Mapadre wengi watalipokea kwa furaha, na asiyelipokea atakuwa angalau amelisikia.

La pili ni zito zaidi, na linahitaji fedha. Kila kigango kilicho katika eneo la mazao kiwe na mizani moja ya kupimia magunia, iliyonunuliwa kwa michango ya wote, wakulima na wanunuzi, na itunzwe na kamati ya haki na amani ya kigango, si na mtu mmoja. Mkulima apime gunia lake kabla gari halijafika, ajue analouza. Anayeuza akijua kilo zake tayari ana neno la kusema, hata kama bado hana nguvu ya kukataa. Wakulima kumi wanaojua kilo zao, wakikubaliana siku moja kutoshonea kilemba, watamfanya mwenye lori afikiri mara mbili, maana hawezi kurudi mjini na gari tupu. Parokia nayo itangaze mbele ya watu kwamba shule yake na nyumba yake vitanunua kwa kilo, wala si kwa gunia, kuanzia msimu ujao.

Na mizani hiyo ya kigango isiachwe kukaguliwa kwa kuwa iko kanisani. Ipelekwe kwa Wakala wa Vipimo kila mwaka ipimwe na kupigwa muhuri, kama ya mfanyabiashara yeyote, na muhuri huo uwe mahali ambapo kila anayepima anaweza kuuona.